Kutoka Mtwara kwenda kuongoza shule Ethiopia: mambo ya kupanga kabla ya kuondoka na baada ya kufika

Mwalimu wa Mtwara au Lindi anayepata nafasi ya kuwa mkuu wa shule mjini Addis Ababa kwa kawaida huanza kwa kuhangaikia mtaala, akijiuliza kama ataumudu mfumo wa madarasa na mitihani ya nchi asiyoijua. Kwa maoni yangu hangaiko hilo linaweza kusubiri. Mfumo wao wa sasa una miaka 6 ya msingi, miaka 2 ya kati na miaka 4 ya sekondari, unaishia kwenye mtihani wa taifa wa darasa la 12, na mtu aliyezoea kusoma miongozo ya wizara atauelewa mapema. Wakuu wa shule wageni hukwama zaidi kwenye kalenda, meza ya chakula na misiba, kwa sababu hayo hayaandikwi kwenye mkataba na hakuna mtu anayekukalisha kikao kukufundisha. Mwongozo huu unayapa mambo hayo nafasi kubwa, na ya karatasi unayapitia kwa ufupi.

Karatasi na fedha

Anza na vyeti mapema, kwa kuwa safari ya kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni ya kutwa nzima na hutapenda kuirudia kwa ajili ya muhuri mmoja uliosahauliwa. Vyeti vya taaluma na vya ualimu vithibitishwe na mamlaka zilizovitoa, vipite Wizara ya Mambo ya Nje, kisha vifikishwe ubalozi wa Ethiopia ulioko Dar es Salaam. Kibali cha kazi na cha kuishi hushughulikiwa na mwajiri akiwa kule, lakini hawezi kushughulikia hati ambazo hujamtumia. Aliye mtumishi wa umma aombe ruhusa ya mwajiri wake kwa maandishi kabla ya kusaini lolote, kwa maana ruhusa ya mdomo haina wa kuitetea afisa aliyeitoa akihamishwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Kuhusu mshahara, swali la kwanza liwe ni sarafu gani utalipwa. Birr, sarafu ya Ethiopia, iliachiwa ifuate soko tarehe 29 Julai 2024, na dola iliyokuwa ikipatikana kwa birr 57 hivi ilipita birr 100 katika muda wa wiki chache. Waliokuwa na mikataba ya birr tupu walijikuta wakituma nyumbani karibu nusu ya walichozoea. Omba sehemu ya mshahara itajwe kwa dola, na mkataba ueleze nani atakayeshughulikia benki wakati wa kutuma fedha nje ya nchi. Kodi ya mshahara hupanda kwa ngazi hadi asilimia 35, kwa hiyo unapojadiliana zungumzia kiasi kitakachobaki baada ya makato. Usifikirie kusafirisha gari: kule huendeshwa upande wa kulia wa barabara, na mwaka 2024 serikali ilizuia kuingiza magari binafsi yasiyotumia umeme. Chukua vibadilishi vichache vya plagi, kwa kuwa soketi zao ni za pini mbili za mviringo, na sweta zaidi ya moja. Addis Ababa iko mita zipatazo 2,350 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka ufukweni Mikindani atahema akipanda ngazi za ghorofa ya pili katika siku zake za mwanzo. Faida ya mwinuko huo ni kwamba malaria haipatikani mjini humo, na chandarua unaweza kukiacha nyumbani.

Saa, miezi na miaka

Mswahili anayo nafuu ambayo wakuu wa shule kutoka Ulaya hawana. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko, hivyo kengele ya saa mbili asubuhi ni saa mbili yetu ileile, na hata majira ya nchi zetu mbili ni yaleyale. Mtego upo mahali pamoja tu: sisi tunapohamia Kiingereza huhamisha na hesabu, tukasema nane pale tulipokuwa tunasema mbili, lakini Mwethiopia mara nyingi huendelea kusema mbili hata katika Kiingereza. Mzazi akikuahidi kwa Kiingereza kwamba atakuja saa tatu, muulize kama ni asubuhi au ni alasiri, na katika kila tangazo la shule andika hesabu zote mbili.

Kalenda inahitaji bidii zaidi. Mwaka wao una miezi 12 ya siku 30 na mwezi wa 13, Pagume, wenye siku 5 au 6. Unaanza tarehe 11 Septemba, au 12 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu wa kalenda yetu, na uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8 kutegemea umevuka Januari au bado. Ofisini, jambo hili huonekana zaidi wakati wa kuandikisha wanafunzi. Mtoto ambaye cheti chake kinasema alizaliwa mwaka 2010 wa kwao alizaliwa kati ya Septemba 2017 na Septemba 2018, na mkuu asiyejua hilo anaweza kumkataa kwa madai kwamba amepita umri wa darasa la kwanza. Agiza fomu za shule ziwe na nafasi mbili za tarehe, na mpe karani mmoja jukumu la kuhakiki ubadilishaji.

Ratiba ya mwaka uipange ukiwa na makamu wako wa Kiethiopia pembeni. Mwaka wa masomo huanza Septemba, baada ya sikukuu ya mwaka mpya, nasi tumezoea Januari. Hivyo omba kufika Agosti, ingawa utazikuta mvua kubwa za kiremt zikiwa katika kilele chake. Meskel, sikukuu ya Msalaba, kwa kawaida huangukia 27 Septemba, Krismasi yao ni 7 Januari, Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu, kwa kawaida ni 19 Januari, kumbukumbu ya ushindi wa Adwa ni 2 Machi, na Pasaka yao hufuata hesabu ya Kanisa la Othodoksi ambayo mara nyingi hutofautiana na ya Wakatoliki wa kwetu Ndanda. Idi zote mbili na Maulidi pia ni sikukuu za taifa.

Kufunga, kuchinja na sherehe za shule

Waumini wa Othodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, na kabla ya Pasaka hufunga siku 55. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, mayai na siagi, na wengi hawatii kitu kinywani hadi mchana. Mkuu aliyewahi kuendesha shule ya Lindi mjini au ya Mtwara katika Ramadhani amekwisha kujifunza nusu ya somo hili: vikao vizito huwekwa asubuhi, michezo mikali hupunguzwa, na hakuna anayeshangaa walimu wakichoka alasiri. Tofauti ni kwamba kule mifungo miwili inaweza kukutana. Mwaka 2025 Ramadhani ilianguka ndani ya mfungo mkuu wa Othodoksi, na shule iliyopanga tamasha la chakula mwezi Machi ilipaswa kutafuta tarehe nyingine.

Sasa suala la nyama, ambalo Mtanzania hulidharau kwa kuwa kwetu tulishalizoea kwa namna yetu. Huku Kusini mchinjaji akiwa Mwislamu, nyama huliwa na wote msibani na harusini, na Mkristo haoni tatizo. Ethiopia si hivyo. Kwa desturi Mkristo wa Othodoksi hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na Mwislamu hali iliyochinjwa na Mkristo. Mikahawa na mabucha hujulikana ni ya upande gani. Mkuu mgeni anayechinja ng'ombe mmoja kuwafurahisha wafanyakazi wote mwishoni mwa mwaka atakuta nusu ya ukumbi unakunywa soda tu. Wapo wanaoandaa vyungu viwili vyenye wapishi wawili, na hilo hukubalika. Mimi naona njia bora ni beyaynetu, yaani injera (mkate wao mwembamba wenye uchachu) pana iliyopambwa kwa mafungu ya dengu, shiro (rojo la unga wa jamii ya kunde), kabichi, viazi na mboga za majani, ambayo huliwa na aliyefunga na asiyefunga, Mkristo na Mwislamu, na gharama yake ni ndogo. Nguruwe usimtaje kabisa. Ukitaka kupeleka zawadi kutoka nyumbani, korosho zilizobanguliwa hazina mpinzani: zinadumu, zinapendwa, na huliwa hata siku ya mfungo. Mwenzako akikulisha tonge kwa mkono wake, lipokee, kwa kuwa hiyo ni heshima iitwayo gursha. Nazi na samaki wa baharini utavikumbuka sana, kwani nchi haijawa na pwani tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993.

Kuongoza watu

Katika shule nyingi mkuu huitwa direkta, na walimu watasimama ukiingia. Waite watu kwa jina lao la kwanza likitanguliwa na Ato kwa mwanamume, Weizero kwa mwanamke aliyeolewa na Weizerit kwa asiyeolewa. Hakuna jina la ukoo: jina la pili ni la baba, hivyo Hana Girma ni binti wa Girma Bekele, na mama yake ana jina jingine kabisa. Mhasibu aliyezoea mifumo ya Kizungu atawaona kuwa familia tatu; wewe uliyeandikisha watoto wa Newala kwa majina ya baba na babu hutapata shida kumweleza.

Jifunze Kiamhari cha salamu kabla ya kufika, na kama shule iko jimbo la Oromia, Kioromo. Salamu ni ndefu kama za kwetu na hazikatizwi. Mwalimu akivuta pumzi ghafla kwa mdomo, hajashtuka, amekubali. Neno ishi, yaani “sawa”, nalo utalisikia kutwa, lakini lichukue kama heshima kwa aliyesema, kisha subiri uone utekelezaji. Anayekupinga hatakupinga kikaoni. Atamweleza makamu wako baadaye, penye kahawa, ambayo hunywewa kwa mikupuo mitatu na wa mwisho huitwa baraka, kwa hiyo mkuu anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza huondoka kabla ya habari zenyewe.

Kiboko kiache Tanzania. Kanuni za kwetu bado humruhusu mkuu wa shule kutoa adhabu hiyo na kuiandika kitabuni, ila katiba ya Ethiopia ya mwaka 1995, ibara ya 36, inampa mtoto haki ya kutopigwa shuleni. Weka utaratibu wa adhabu kwa maandishi katika wiki yako ya kwanza, uusaini, na uwape wazazi.

Jambo jingine la kuacha ni utani wa makabila. Kwetu tunataniana hata makaburini na hakuna anayekasirika. Nchi iliyopitia vita vya Tigray kuanzia Novemba 2020 hadi mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022, na ambayo bado ina maeneo yenye mapigano, haina nafasi ya mzaha huo, na swali la kabila la mwalimu lisitoke kinywani mwako hata kwa nia njema.

Msiba, kwa upande mwingine, utakufanya ujione uko nyumbani. Karibu kila mfanyakazi yumo katika idir, chama cha kuzikana cha mtaani, na wengi wamo katika equb, ambayo ni upatu wetu. Mwalimu akifiwa, mkuu huenda mwenyewe, hukaa hemani kwa muda wa kutosha, na hatumi barua kupitia dereva. Tenga fungu la rambirambi katika bajeti na basi la kuwapeleka wafanyakazi, na uweke kwenye ratiba walimu wa kushika vipindi, kwa kuwa wenzao wataondoka wengi kwa mara moja. Mkuu ambaye hakuonekana msibani hukumbukwa kwa hilo hata akipandisha mishahara.

Mambo ya nyumbani

Likizo yako ndefu itakuwa Julai na Agosti, wakati mikorosho ikipuliziwa salfa, na utakuwa darasani Oktoba na Novemba korosho zikiokotwa na minada ikiendelea. Aliye na shamba Newala, Tandahimba au Nachingwea amwachie msimamizi makubaliano ya maandishi yaliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa kijiji, ahakikishe jina na akaunti iliyoko kwenye chama cha msingi ni vyake, na stakabadhi za ghalani zipigwe picha na atumiwe kila mzigo unapopokelewa. Watoto mnaosafiri nao wanaohama Desemba watakuta wenzao katikati ya mwaka. Shule iseme kwa maandishi, kabla ya tiketi kukatwa, ni darasa gani watakaloingia na ada yao italipwa na nani.