Mtoto akimaliza kemo, itisha karatasi ya dozi

Wazazi wenzangu, mtoto akishamaliza kemo (dawa kali za saratani) ya lukemia, saratani ya damu, msitoke kliniki bila karatasi inayoonyesha alipewa dawa gani na jumla ya dozi, haswa ile nyekundu, doxorubicin, juu hiyo inaweza kudhoofisha moyo hata miaka 10 ama 20 baadaye na mtoto unamuona yuko fiti kabisa. Jumla ikifika 250 mg kwa kila mita mraba ya mwili hatari inapanda, kwa hivyo muulize daktari apange eko ya moyo, ile picha ya ultrasound, mara kwa mara. Karatasi yangu nimeipiga picha iko kwa simu, kopi ingine iko kwa bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Juzi kijana wangu, sasa yuko form two, alishuka matatu pale Kencom akichechemea, nyonga inauma. Daktari mpya alisoma tu hiyo karatasi, akaona alipewa deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, akaitisha picha ya MRI siku hiyo hiyo, kwa sababu steroidi huweza kuua mfupa wa nyonga. Na shuleni akichelewa kushika hesabu, tafadhali msimwite mvivu, methotrexate, dawa ya kemo inayodungwa kwa uti wa mgongo, inaweza kuleta hiyo, ongeeni na mwalimu mapema.