Jinsi ya Kupika Sirniki za Kirusi kwa Maziwa Mgando ya Mjini Moshi

Asubuhi ya siku ya mapumziko, familia nyingi za Urusi hupika sirniki, yaani vikate vidogo vinene vya jibini laini linaloitwa tvorogi. Jina sirniki limetokana na neno la Kirusi syr, ambalo leo humaanisha jibini la kawaida, ingawa zamani lilitumika kwa tvorogi pia. Kwa mpishi wa Moshi hii ni habari njema, kwa kuwa tvorogi hutengenezwa kwa maziwa yaliyoganda, na maziwa mgando ni chakula tulichokizoea tangu utotoni.

Chukua lita 2 za maziwa mgando yasiyotiwa sukari, uyamimine katika sufuria nzito na kuyaweka juu ya moto mdogo sana. Usiyakoroge kwa nguvu. Yageuze taratibu kwa mwiko mara moja moja, hadi mabonge meupe yajitenge na maji yenye rangi ya kijani kibichi hafifu. Yakichemka, mabonge hukakamaa na kuwa kama mpira, na hapo hakuna namna ya kuyarudisha, kwa hiyo ipua mara tu maji yanapojitenga. Mimina yote katika kitambaa safi cha pamba, ukifunge na kukitundika juu ya bakuli usiku kucha. Utapata takriban gramu 400 za tvorogi.

Hatua hii ya kuchuja ndiyo inayoamua kila kitu. Tvorogi yenye maji humlazimisha mpishi aongeze unga, na unga ukizidi, sirniki huwa ngumu na kupoteza ladha ya maziwa, ambayo ndiyo sababu ya kuzipika. Minya kipande kidogo kiganjani: kikitoa maji, kaza kitambaa na uweke jiwe safi juu yake kwa saa 1 zaidi.

Ponda tvorogi kwa uma, kisha changanya na yai 1, vijiko 2 vya chakula vya sukari, chumvi kidogo na vijiko 3 vya unga. Wapishi wa zamani walitumia unga wa ngano. Wengi wa siku hizi huweka unga wa mchele, nami naupendelea kwa sababu huacha kikate kikiwa chepesi. Vanila si lazima.

Tengeneza vikate vyenye unene wa sentimita 2, uvipake unga mkavu pande zote, kisha uvikaange kwa mafuta kidogo ya alizeti kwa dakika 3 kila upande. Badala ya kuviacha katika mafuta mengi hadi viive, vihamishie ndani ya joko la nyuzi 180 kwa dakika 10. Asiye na joko avifunike kwa mfuniko juu ya moto mdogo kabisa.

Warusi huvila pamoja na malai yaliyochachushwa, yaitwayo smetana, au jamu ya matunda. Hapa kwetu, ndizi za kisukari zilizoiva sana, zikikatwa na kupashwa katika siagi hadi zilainike, hushika nafasi ya jamu vizuri mno. Ila zisichanganywe ndani ya kinyunga, kwa maana zitarudisha maji yale yale uliyoyachuja usiku mzima. Juu yake weka kijiko cha malai ya maziwa mgando.

Maji yaliyobaki bakulini yasimwagwe: yakandie unga wa chapati siku hiyo hiyo, nazo zitakuwa laini.