Kuhamisha masijala (ofisi ya majalada) kwenda kwenye mfumo wa kompyuta: omba kibali kwanza, skana baadaye

Taasisi nyingi za umma Tanzania huanza kwa kununua skana. Mwaka ukiisha, makabati yamejaa vilevile na pembeni kuna diski ya picha ambazo hata karani aliyeziskani hawezi kuzipata. Skana ni ya karibu na mwisho. Kabla yake kuna kazi ya kujua mna nini, kisha kuomba ruhusa ya kuondoa kisichohitajika.

Anzeni na orodha. Pitieni kabati moja baada ya jingine, pamoja na maboksi ya stoo na yale yaliyosahaulika chini ya ngazi. Kila jalada liandikwe namba ya kumbukumbu, jina, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya barua ya mwisho na hali yake: zima, limelowa au limeliwa na mchwa. Orodha ikikamilika, gawanyeni majalada katika mafungu matatu: yanayotumika sasa, yaliyofungwa lakini bado yanatakiwa kutunzwa, na yaliyomaliza muda wake kwa mujibu wa ratiba ya kuhifadhi na kuteketeza kumbukumbu, yaani mwongozo unaosema kila aina ya jalada itunzwe muda gani. Kama taasisi haina ratiba iliyoidhinishwa, simameni hapo muishughulikie kwanza. Bila ratiba, kila anayepitia orodha atasema “acha tu, huenda likahitajika”, na mtajikuta mnaskani nakala za matangazo ya vikao vya miaka ya themanini.

Fungu la tatu ndilo la kuombea kibali. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 hairuhusu taasisi ya umma kuteketeza kumbukumbu zake bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Barua isainiwe na mkuu wa taasisi, kichwa kiwe wazi: “YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUTEKETEZA KUMBUKUMBU”. Ambatisheni orodha ya majalada hayo, na mbele ya kila moja muandike kifungu cha ratiba kinachoruhusu liondolewe. Orodha inayosema “majalada mbalimbali, maboksi 40” haimwambii mtu chochote, kwa hiyo msishangae ikirudishwa. Msiguse boksi hata moja kabla ya jibu la maandishi.

Wakati mnasubiri, shughulikieni mfumo. Msikimbilie kununua programu. Miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma hupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, na Mamlaka hiyo tayari ina mfumo wa Ofisi Mtandao unaotumiwa na taasisi nyingi. Kama majalada yana taarifa za wagonjwa, wanafunzi au watumishi, hakikisheni taasisi imesajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kumkabidhi mkandarasi wa kuskani hata karatasi moja.

Sasa maandalizi ya karatasi, ambayo hula muda kuliko kuskani kwenyewe. Toeni tagi, pini na stepla zote. Stepla moja ikikwaruza kioo cha skana, mstari mwembamba utatokea kwenye kila ukurasa unaofuata, na kwa kawaida hugunduliwa jioni. Nakala za kaboni kwenye karatasi nyepesi na nukushi (faksi) zilizofifia ziskanini kwenye kioo, si kwa kulishwa juu. Zikipita kwenye rola zinachanika.

Kosa linaloumiza zaidi ni la madokezo. Barua hukaa upande mmoja wa jalada, madokezo, yaani maelezo ya ndani ya maofisa kuhusu barua hizo, upande wa pili. Karani aliyeambiwa “skani barua” huchukua barua akaacha madokezo, na humo ndimo maamuzi yalimo: nani aliidhinisha, lini, kwa sharti gani. Skanini pande zote mbili za jalada, na nyuma na mbele ya kila karatasi, kwa sababu wakubwa hupenda kuandika maelekezo nyuma.

Tumieni nukta 300 kwa inchi, kwa rangi, ili mhuri na sahihi vionekane, na hifadhini kwa PDF/A, aina ya PDF ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu. Jalada la karatasi 200 likiskaniwa pande mbili ni picha 400. Kwa takriban nusu megabaiti kila picha, hiyo ni megabaiti 200. Majalada 5,000 ya namna hiyo yatafika terabaiti moja, na mnahitaji nakala mbili zaidi, moja ikiwa nje ya jengo.

Majina ya mafaili yafuate namba za kumbukumbu zilezile za masijala. Ila kompyuta haikubali mkwaju (/) ndani ya jina la faili, hivyo AB.12/34/01 iandikwe AB.12-34-01. Kubalianeni alama hiyo siku ya kwanza. Karani mmoja akitumia kistari na mwingine mstari wa chini, utafutaji utaleta nusu ya majibu. Kisha mtu mwingine, si aliyeskani, alinganishe folio (karatasi zenye namba) za jalada na picha: folio ya mwisho ikiwa 87, zote 87 zionekane.

Tarehe 1 Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha, inafaa kuwa siku ya kuacha karatasi na kuhamia kwenye mfumo. Kuanzia hapo barua zote zinasajiliwa kwenye mfumo, na jalada la karatasi linaandikwa kwenye gamba lake la nje “Limefungwa, linaendelea kwenye mfumo”, pamoja na tarehe. Bosi akiomba achapishiwe, achapishiwe, lakini karatasi hiyo isirudi masijala.

Majalada halisi yaliyoskaniwa bado ni kumbukumbu za umma. Kuyaondoa kunahitaji maombi mapya, na yale ya kudumu hupelekwa kwenye nyaraka za taifa. Yenye kibali yateketezwe mbele ya mashahidi, yasiuzwe kwa kilo, la sivyo mtakutana na taarifa za mgonjwa zimefungiwa karanga stendi. Hati ya uteketezaji isainiwe siku hiyohiyo na itunzwe daima.