Gari yachemsha na maji yapungua? Jua kwanza yanaenda wapi

Gari ya zamani, tuseme Corolla 110 ama Nissan B15, ikianza kula maji wengi hapa Mombasa hufanya mambo mawili tu, kubeba mtungi wa lita 5 kwa buti na kumwambia fundi atoe themostati, kile kidude kinachofungulia maji njia ya kwenda kwa rejeta injini ikipata moto. Yote mawili hayatibu kitu. Maji ya injini yanazunguka palepale, hayatumiki kama petroli, kwa hivyo yakipungua jua kuna mahali yanatoka na inafaa upajue hapo mahali kabla hujatoa hata shilingi ya spea.

Na nakusihi, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Mule ndani kuna presha, na kifuniko kilichoandikwa 0.9 (ni kipimo cha presha) kikiwa kizima maji yanaweza kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka, sasa ukifungua tu ile presha inaisha ghafla na maji yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Zima gari, ngoja nusu saa ama zaidi mpaka ile paipu ya juu uweze kuishika mkononi bila kuiachia. Wala usimwagie injini maji baridi, hedi, kile kichwa cha juu cha injini, inaweza kupasuka.

Sasa jiulize, inachemsha WAKATI GANI? Hili swali peke yake laweza kukuokolea pesa nyingi. Ikipanda kwenye foleni tu, umesimama unangoja feri Likoni ama umekwama daraja la Nyali jioni, alafu ukipata barabara wazi mshale unarudi, mshuku feni. Washa eisii, kwa magari mengi feni yafaa izunguke hapo hapo, isipozunguka angalia fyuzi na relei, kisha chomoa soketi ya feni uipe moto wa betri moja kwa moja. Ikizunguka mota ni nzima, shida iko kwa waya ama sensa ya joto.

Lakini kama mjini iko sawa na inapanda ukikimbia ama ukiupanda mlima wa Mazeras, hapo mara nyingi maji ndo hayapiti vya kutosha: rejeta imeziba, themostati haifunguki yote, pampu ya maji imelika mapanga, ama ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini.

Na rejeta za pwani zinaziba haswa. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, ukiyatia miaka na miaka yanakula chuma na aluminiamu, na ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai ndo huo huo unajijenga kwenye vijipaipu vya rejeta. Tia kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, iliyochanganywa tayari, ama changanya nusu kwa nusu na maji ya distili. Nje nako upepo wa bahari unafanya kazi yake, pitisha kidole kwa yale mabati membamba, yakipukutika unga rejeta hiyo imekwisha hata ukiiosha ndani haitapoza.

Kutafuta panapovuja, tandika kadibodi kavu chini ya gari usiku. Usibabaishwe na maji ya eisii, kwa unyevu wa hapa Mombasa yanadondoka kweli kweli lakini hayana rangi wala utelezi. Kulanti ina rangi, na ikikauka inaacha alama kwenye klipu za paipu, pale plastiki ya rejeta inapokutana na bati, na kwenye katundu kadogo chini ya pampu ya maji. Pakilowa hapo kwa katundu, pampu inakwenda. Inua pia kapeti upande wa abiria, ikiwa imelowa na inanuka utamu basi hita ndo yavuja. Kama nje huoni kitu, tafuta fundi mwenye pampu ya kupima presha, ajaze presha mpaka namba iliyoandikwa kwa kifuniko asizidishe, aiache kama robo saa. Ikishuka na hakuna tone nje, maji yanaingia ndani ya injini.

Hapo ndo tunaingia kwa gasketi ya hedi. Injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko, jaza maji mpaka juu, piga stata. Mapovu machache mwanzoni ni hewa, lakini yakiendelea bila kuisha na yakizidi ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni paipu ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha, oili kuwa rangi ya chai ya maziwa, plagi moja kuwa safi kuliko wenzake. Na moshi mweupe: Nairobi asubuhi ya baridi ni kawaida, lakini kwa joto letu ukiuona unaendelea hata injini imeshapata moto, shtuka. Fundi akifungua hedi mwambie aipime kwa rula ya chuma kabla ya kufunga gasketi mpya, ikiwa imepinda ikaskimiwe kwanza, yaani isawazishwe kwa mashine.

Themostati jamani iacheni mahali pake. Itie kwa sufuria ya maji jikoni, nyingi za Toyota zinaanza kufunguka nyuzi 82, ikikataa mpaka maji yatokote nunua nyingine. Ukiitoa, kwenye injini nyingi njia ndogo ya pembeni inabaki wazi, maji mengine yanapita huko bila kufika kwa rejeta na gari inaweza kuchemsha zaidi.

Ukijaza upya elekeza pua ya gari juu mlimani, weka hita kwa moto, kifuniko wazi kuanzia injini ikiwa baridi, mpaka hewa itoke na feni iwake. Siku ukiona mshale umeshuka ghafla kwenye baridi huku injini inanuka moto, simama hapo hapo uzime, maji yamekwisha na sensa imebaki hewani.