Kuiamsha ZX Spectrum hapa Arua, na lugha ya kuanza nayo

Mjomba wangu alirudi nayo kutoka Uingereza, ikakaa sandukuni miaka mingi kabla sijairithi. Ni kompyuta ya nyumbani, ZX Spectrum ya 48K (kilobaiti 48 za kumbukumbu), toleo la mwaka 1982, ile yenye vitufe vya mpira. Sasa iko juu ya meza yangu ya kutengenezea redio hapa Arua, Uganda, na kila kijana anayeiona huuliza swali moja: ina Windows gani?

Haina, na hakuna cha kuweka. Ndani yake mna ROM (kumbukumbu isiyofutika) ya kilobaiti 16, na humo humo wamepanga BASIC, yaani lugha ya kuandikia programu, kusoma kibodi, kuchora kwenye skrini na kusoma kaseti. Lugha ndiyo mfumo endeshi. Ukilishika hilo tangu mwanzo hutapoteza muda kutafuta kitu kisichokuwepo.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo mashine hizi hufia. Spectrum inataka volti 9 za DC, na katikati ya plagi ni hasi, ganda la nje ni chanya. Chaja nyingi za sokoni ni kinyume chake. Niliwahi kununua moja dukani, nikaambiwa inafaa, nikaichomeka bila kupima. Transista ndogo iliyo karibu na koili ikaungua, na hiyo ndiyo inayosaidia kuzipatia chipu za kumbukumbu volti 12 na hasi 5. Nilitumia wiki nzima kuitafutia nyingine. Kwa hiyo pima kwanza. Kama unayo chaja ya asili, plagi yake ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu na inapokea volti 240 bila shida. Mita ikikuonyesha volti 12 au zaidi kabla hujaiunganisha usishtuke, itashuka ikipata mzigo.

Umeme ukikatika mimi hutumia betri ya sola ya volti 12. Usiunganishe moja kwa moja, kwa sababu sola ikichaji betri hupanda kupita 13 na regulata ya ndani inapata joto kali. Weka kishusha volti cha ampea 2, kirekebishe hadi 9 ukitazama mita, tia na fyuzi, ndipo uguse kompyuta.

Upande wa picha tuna bahati. Spectrum hutoa rangi za PAL kwenye chaneli 36 ya UHF, na televisheni zetu ni za PAL. Chomeka waya wa antena, chagua utafutaji wa analogi, usiutumie ule wa dijitali, kisha iache itafute yenyewe. Sauti haipiti kwenye antena, ina kispika chake ndani ya boksi, kwa hiyo tofauti ya mfumo wa sauti kati ya Uingereza na hapa haikuhusu. Mwenye Commodore 64 ya Uingereza, kompyuta nyingine ya enzi hizo, ndiye anayepata picha safi na mkwaruzo masikioni, na huyo aingie kwenye menyu ya televisheni abadilishe mfumo wa sauti, BG iwe I.

Ukiona maandishi ya Sinclair Research chini ya skrini, pima kumbukumbu kabla ya lolote:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Jibu likiwa 65535, kilobaiti 48 zote ni nzima. Likiwa 32767, una mashine ya 16K, au chipu za juu zimekufa.

Sasa lugha. Anza na BASIC iliyomo, hata kama unajua Python. Kinachowasumbua wageni ni kwamba huandiki neno herufi kwa herufi: alama inayomweka pale unapoandika ikiwa K, kitufe P kinatoa PRINT nzima, L inatoa LET, G inatoa GO TO. Siku mbili tatu utachukia, kisha vidole vitajua njia. Hii ndiyo programu yangu ya kwanza ya kweli, ya kujumlisha mauzo ya siku:

10 LET jumla=0
20 INPUT "Bei: ";b
30 IF b=0 THEN PRINT "Jumla ";jumla: STOP
40 LET jumla=jumla+b
50 GO TO 20

Andika sifuri ukimaliza. Mistari mitano tu, na kijana wangu wa kazi aliielewa bila kufundishwa.

Ukishaizoea, usikae hapo. Utamu wa Spectrum uko kwenye lugha ya mashine, maana prosesa yake, Z80 ya megahezi 3.5, unaweza kuiamuru moja kwa moja kutoka BASIC:

10 CLEAR 29999
20 FOR i=30000 TO 30004
30 READ n: POKE i,n: NEXT i
40 DATA 62,2,211,254,201
50 RANDOMIZE USR 30000

POKE huweka namba kwenye kumbukumbu, na USR huiambia prosesa ianze kuzitekeleza. Namba 62 na 2 maana yake weka 2 ndani ya A, kihifadhi kidogo cha ndani ya prosesa. 211 na 254 ni itoe kwenye mlango 254, na 201 ni rudi. Ukingo wa skrini unageuka mwekundu. Kisha bonyeza kitufe chochote: wekundu unatoweka. Si kosa lako. ROM inapotoa ule mlio mdogo wa kitufe hutumia mlango huo huo, na inarudisha rangi iliyojiwekea. Siku nilipoelewa jambo hilo niliacha kuiona kompyuta kama sanduku lililofungwa.

Programu ndefu usiziandike kwa POKE. Tumia pasmo au z88dk, programu za kugeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, kwenye kompyuta ya kawaida, zijaribu ndani ya Fuse, programu inayoiga Spectrum, halafu zihamishe. Simu yako ndiyo kaseti: geuza faili la TAP (kanda ya Spectrum iliyo kwenye faili) kuwa sauti ya WAV kwa programu ya tape2wav (MP3 hupunguza mawimbi, iache), chomeka kebo kwenye tundu la EAR, sauti juu kabisa, vichuja sauti vyote vizimwe. Andika LOAD "", bonyeza ENTER, kisha cheza faili. Washa hali ya ndegeni, maana ujumbe mmoja wa pesa ya simu unatosha kuharibu dakika tano za kupakia. Mistari ya bluu na njano ikikatika ukapata R Tape loading error, punguza sauti kidogo, urudie.

Lugha za Pascal na C za kampuni ya Hisoft zipo, na ni nzuri kwa aliyeshika Z80. CP/M ya Gary Kildall ni mfumo endeshi hasa, wenye diski na faili, ila kwenye ukoo huu inahitaji Spectrum +3 ya mwaka 1987. Usiikimbilie.

Na kazi yako ihifadhi. Unganisha tundu la MIC na kinasa sauti, SAVE "duka", rudisha kanda mwanzo, unganisha kinasa sauti na tundu la EAR, kisha VERIFY "" na uicheze. Hapa umeme hauagi. Usichomoe waya wa umeme mpaka uione 0 OK.