Usimpe mgonjwa dawa kimyakimya

Kazi yangu ni dirisha la dawa, na kijana anayekuja kujifunza kwangu namkataza kitu kimoja: kusukuma bahasha na kuita "anayefuata!" Anachotarajia mgonjwa huongeza au kupunguza nguvu ya dawa, hasa ya maumivu. Mtafiti Fabrizio Benedetti na wenzake kule Turin, Italia, walilipima hilo kwa wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Wengine walichomwa dawa wakiona na kuambiwa, wengine mashine iliwatilia bila wao kujua. Dawa ileile, lakini wa siri walihitaji dozi kubwa zaidi ili wapate nafuu.

Basi anza na kazi ya dawa, ndipo useme kutwa mara ngapi. "Shikamoo mama. Hii ni ya goti lako. Meza sasa, baada ya saa moja hivi maumivu yataanza kupungua." Mwangalie usoni unaposema.

Madhara usiyafiche, maana ni haki yake. Angalia tu unayasemaje. Anayeanza metformin, dawa ya kisukari, mwambie: "Wengi wanaitumia bila shida. Tumbo likivurugika siku za mwanzo, kwa kawaida hutulia. Meza pamoja na chakula." Ukimsomea orodha nzima ya kwenye karatasi, utamtuma nyumbani akayasubiri. Mwaka 2020, watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya watu 60 walioacha statini, dawa za kolesteroli, kwa sababu ya madhara. Miezi waliyomeza vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani, bila kujua, usumbufu ulikuwa karibu sawa na ule wa statini. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu walirudia dawa.

Kidonge kikibadilika rangi, wahi kusema. Mzee aliyezoea amlodipine nyeupe, dawa ya presha, ukimpa ya njano bila neno, wiki ijayo atarudi na kichwa kinachouma. Kiweke cha zamani na kipya kiganjani mwake: "Baba, dawa ni ileile, miligramu 5 zilezile. Kiwanda tu ndicho tofauti."

Ila matarajio yana mpaka. Katika utafiti wa pumu wa Marekani wa mwaka 2011, waliovuta pampu isiyo na dawa ndani walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliovuta dawa halisi, ilhali mapafu yao hayakufunguka kama ya wenzao. Kwa hiyo mwenye presha akikwambia, "Najisikia vizuri, vidonge nimeacha," mkalishe, apumzike dakika tano, umpime kabla hujamjibu.