Kuinua nyuma ya MGB iliyoshuka

MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, mara nyingi huonyesha umri wake sehemu ya nyuma. Ukilitazama kwa ubavu utaona tairi la nyuma limezama ndani ya madigadi, na kila unapopita kwenye tuta utasikia ekseli ikigonga kizuizi chake cha mpira. Wengi wakisikia mlio huo hukimbilia kununua shokomzoba. Hilo ni kosa, kwa sababu shokomzoba za nyuma za gari hili, ambazo ni za mkono wa chuma unaosukuma mafuta, hazibebi uzito wa gari; kazi yake ni kutuliza mtikisiko tu. Uzito umekaa juu ya springi mbili za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na huko ndiko uchunguzi unakopaswa kuanzia.

Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, buti likiwa tupu na tairi zikiwa na upepo unaotakiwa. Sukuma nyuma chini mara mbili tatu, uliache litulie, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, na uandike vipimo hivyo. Tumia katikati ya gurudumu, wala si sakafu, ili ukubwa wa tairi usikudanganye. Upande mmoja ukiwa chini sana kuliko mwingine, shuku bapa lililovunjika au kutu kwenye bodi. Pande zote mbili zikiwa zimeshuka kwa usawa, yaelekea springi zimechoka.

Hata hivyo, usiagize chochote kabla ya kulala chini ya gari na kutazama kwa tochi. Mimi niliwahi kununua springi mbili mpya, kisha nikakuta kipande cha alumini chenye unene wa vidole viwili kimebanwa kati ya ekseli na springi kila upande. Mwenye gari wa awali alikuwa amekiweka makusudi ili gari likae chini, na springi za zamani hazikuwa na kasoro. Ukikuta vipande vya namna hiyo, viondoe kwanza, urudishe bolti za yu, zile zenye umbo la herufi U zinazofunga ekseli kwenye springi, zenye urefu wa asili, halafu upime tena. Tazama pia kama mabapa yamehama mahali pake, jambo linaloashiria kuwa bolti ya katikati, inayoyashika mabapa pamoja, imekatika, na uchokoe kwa bisibisi mahali springi zinaposhikia bodi, mbele na nyuma. Chuma kikibonyea au kikimwaga magamba ya kutu, kazi ya kuchomelea inatangulia, kwa kuwa springi mpya kwenye bodi iliyooza ni hatari.

Springi hununuliwa kwa jozi na kwa kufuata mwaka na umbo la gari. Zile za MGB GT, yenye paa la chuma, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1965, ni ngumu kuliko za gari la wazi, na magari yenye bampa za mpira, yaliyoanza mwishoni mwa 1974, yaliinuliwa ili yatimize sheria za Marekani, kwa hiyo kipimo chake si kile cha magari ya kabla. Usimruhusu mtu yeyote kupasha springi moto kwa gesi ili aikunje upya: moto huo huondoa ugumu wa chuma, na springi italala tena.

Siku ya kazi, weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki chini ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli), na usimamishe bodi juu ya stendi imara zilizowekwa mbele kidogo ya mahali springi zinapoanzia. Shughulikia upande mmoja kwa wakati, ili ekseli ibaki imeshikiliwa na upande wa pili. Jeki ikiwa bado imebeba ekseli, fungua kiungo cha shokomzoba na nati nne za bolti za yu, kisha teremsha ekseli taratibu ukiangalia mpira wa breki usivutike. Fungua shakeli ya nyuma, yaani kiungo kinachoshikisha ncha ya nyuma ya springi kwenye bodi, halafu bolti ya mbele. Bolti hii ya mbele ndiyo inayokula muda, kwa sababu mara nyingi imeshikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ule mpira uliomo kwenye jicho la springi. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno pande zote mbili za springi.

Funga springi mpya ukianza na bolti ya mbele, kisha shakeli yenye bushi mpya zilizopakwa maji ya sabuni, kamwe si grisi, kwani grisi hulainisha na kuharibu mpira. Unapoinua ekseli, hakikisha kichwa cha bolti ya katikati kimeingia sawasawa kwenye tundu lake, halafu kaza nati nne kwa kupishanisha, kidogo kidogo, mpaka nyuzi zilizotokeza zilingane.

Bolti ya mbele na za shakeli ziache zimeshikwa kwa mkono tu. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi hubanwa katika mkao huo, na gari linaposhuka chini mpira hujipinda: nyuma itakaa juu isivyo kawaida kwa siku chache, kisha bushi zitachanika. Hamishia stendi chini ya ekseli, karibu na springi, ili gari likalie springi zake, litikise, na hapo ndipo ukaze.

Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena nati za bolti za yu. Springi mpya hukaa juu kidogo mwanzoni, kwa hiyo subiri wiki kadhaa za kuendesha kabla ya kuchukua futi na kulinganisha na vipimo ulivyoandika mwanzoni.